Kifo cha Mzazi Huanzia Wapi?

Uchungu wa mwana, walisema wazee wetu, aujuaye ni mzazi. Maneno hayo ni kweli, lakini hatari ya uzazi si ya mzazi peke yake. Yapasa ijulikane na nyumba nzima. Kwa ajili hiyo twapenda kuwaarifu wasomaji wetu habari za tabibu mmoja wa Kimisri, Profesa Mahmoud Fathalla, aliyeishughulikia hatari hiyo kwa miaka mingi.

Profesa Fathalla alifundisha elimu ya uzazi na maradhi ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Assiut, Misri ya Juu, akawa pia mkuu wa kitivo cha utabibu hapo. Mwaka 1971 alitoa rai mpya katika jarida la The Lancet: kwamba huenda kule kupasuka kwa ngozi ya kifuko cha mayai ya mwanamke mwezi baada ya mwezi, bila ya kupumzika, kukawa sababu mojawapo ya saratani ya kifuko hicho. Wataalamu wangali wakiitaja rai hiyo. Baadaye aliongoza mpango wa utafiti wa uzazi wa Shirika la Afya la Dunia, na toka 1994 hata 1997 akawa rais wa shirikisho la kimataifa la matabibu wa wanawake na uzazi. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Idadi ya Watu ya Umoja wa Mataifa.

Lakini lililomtangaza zaidi ni kisa kimoja alichokuwa akiwafundishia watu, nacho ni kisa cha mwanamke asiyetajwa jina, ambaye sisi tungemwita Bibi Fulani.

Bibi Fulani alifia hospitali akiwa mja mzito. Matabibu waliandika kuwa kondo la nyuma lilikaa chini, likaziba njia ya mtoto, na damu ikamtoka hata akafa. Kwa daftari la hospitali, habari imekwisha. Fathalla hakukubali iishe hapo. Aliuliza: mbona damu aliyotiwa haikutosha? Mbona upasuaji ulikawia? Akarudi nyuma zaidi, akauliza: mbona alifika amechelewa? Kumbe damu ilikwisha kumtoka kabla ya siku ile, na hapakuwa na aliyeitambua dalili. Alikuwa na upungufu wa damu wa siku nyingi, wala hakupata kupimwa mimba yake. Umri wake ulikuwa umeendelea, watoto alikuwa nao, na mimba nyingine hakuitaka. Tena alikuwa maskini, asiyejua kusoma.

Basi kifo hicho hakikuanza siku ya uchungu. Kilikuwa safari ndefu, na katika kila kituo palikuwa na njia ya kutokea, lakini hapakuwa na aliyemfungulia mlango. Fathalla alisema wazi kuwa wanawake hawafi kwa maradhi yasiyo dawa. Wanafa kwa sababu watu hawajakata shauri kwamba uhai wao wastahili kuokolewa.

Mwaka 1987 mkutano mkubwa juu ya uzazi salama ulifanyika Nairobi. Wakati huo ilikadiriwa kuwa wanawake nusu milioni walikuwa wakifa kila mwaka kwa sababu za mimba na uzazi. Kwa mwaka 2023 makadirio yalikuwa 260,000 hivi. Imepungua, ndiyo, lakini bado ni zaidi ya wanawake 700 kila siku. Misri yenyewe ilionyesha kuwa jambo hili lawezekana. Katika uchunguzi wa 1992 na 1993 walikufa wazazi 174 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Katika uchunguzi wa mwaka 2000 walikuwa 84. Maumbile ya wanawake wa Misri hayakubadilika katika miaka ile michache. Kilichobadilika ni utunzaji wao.

Sisi Waislamu twafundishwa kuwa mwanamke afaye kwa uzazi ana daraja ya shahidi. Hiyo ni rehema ya Mola wake kwake. Lakini je, ujira wake uwe udhuru wetu? Wako wasemao, "Ilikuwa siku yake," hali gari halikutafutwa, na mgonjwa alilazwa ndani akimngojea mume arudi safari ndipo apelekwe. Ajali ni ya Mwenyezi Mungu. Uzembe ni wetu, nao tutaulizwa.

Husemwa, kawia ufike. Kwa mzazi anayetoka damu, akawiaye huenda asifike. Kwa hiyo nyumba yenye mja mzito ikate mashauri mapema: apimwe tangu miezi ya mwanzo, akazalie mahali penye mkunga aliyefunzwa, mume asafiripo aache idhini na fedha, gari la usiku lijulikane ni la nani, na jamaa wa kutoa damu wajulikane. Wote wazijue dalili za hatari: damu kutoka, hata bila ya maumivu, kuumwa sana na kichwa na macho kuona kiwi, degedege, homa kali, na uchungu upitao saa kumi na mbili. Ionekanapo moja katika hizo, hapangojwi asubuhi wala mkutano wa ukoo.

Enyi vijana, mambo haya si ya wanawake peke yao. Bibi Fulani alikuwa na mume, ndugu na majirani. Na huenda mmoja wao tu, lau angalijua na kuharakia, angalitosha. Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu, na atujaalie sisi kuwa sababu ya uhai wao. Amin.