Vifaru 33 Vilikuwa vya Nani?

Je, wajua kwamba katika michezo ya vita ya kompyuta, kama Steel Panthers, kila nchi ina orodha yake ya silaha, na kila silaha ina mwaka wa kuanza kutumika? Ukikosea, jeshi linapigana kwa kifaru ambacho halijapata kukimiliki.

Chukua meli ya Faina. Septemba 2008 ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikiwa na vifaru 33 vya T-72 kutoka Ukraine. Februari 2009 ikatia nanga Mombasa. Kenya ilisema ni vyake, lakini nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovuja zilitaja Sudan Kusini. Kifaru cha Kenya ni Vickers Mk 3, chenye mzinga wa milimita 105. Wa T-72 ni 125. Anayesahihisha orodha ya Kenya asivihesabu humo vile 33.