Apareyi ya muzee: kwa nini foto inatoka giza?

Ku nyumba mingi za wafanyakazi wa migodi, toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, iko apareyi ya filimu yenye muzee alinunua zamani. Siku moja mutoto anaitosha ku sanduku, anatia filimu, anapiga foto za ndoa. Filimu inarudi: sura zote giza. Na ndoa hairudiliwe. Njo maana inafaa kujua ubaya unatokea wapi, mbele ya kupoteza filimu ingine.

Anza na negatifu

Musiangalie foto ya karatasi kwanza. Wekeni negatifu mbele ya dirisha. Kama iko wazi wazi, mwangaza ulikosa. Kama iko nyeusi nzito, mwangaza ulizidi. Kama hakuna sura hata moja, lakini namba za pembeni zinaonekana, filimu haikutembea ao pazia haikufunguka. Na kama ni alama nyeusi zinaingia toka upande, kipimo hakina kosa: eponji ya mulango wa nyuma imeoza, mwangaza unapenya.

Pile njo mwizi wa kwanza

Apareyi mingi za miaka 1960 na 1970, kama Canonet ya Canon ao Olympus OM-1, zilitengenezwa kwa pile ya volti 1,35 yenye zebaki, ile merkire wachimbaji wa zahabu wanajua. Juu ya sumu yake, pile zile zilikatazwa. Leo watu wanatia pile ya alkalini ya volti 1,5. Inaingia vizuri, lakini mara mingi sindano inaona mwangaza kuliko ule uko, na foto inatoka giza. Tena volti yake inashuka polepole, kwa hiyo kosa halibaki lile lile. Pile namba 675, ile ya apareyi ya masikio, iko karibu volti 1,4: inafaa zaidi, hata kama inaomba kapete kidogo ya kuishika.

Zingine, kama Zenit-E na Olympus Trip 35, hazina pile. Zinapima kwa seleniumu, ile sahani yenye kuonekana mbele, na yenyewe inachoka na miaka. Ku Zenit, elekeza mbinguni, kisha funika na mukono: kama sindano haitembei, kipimo kimekufa.

Jua ni kipimo cha bure

Saa sita, jua kali, kivuli cheusi chini: weka diafragma 16, na mbio ya pazia sawa na namba ya filimu. Filimu ya 100, weka 1/125; ya 400, weka 1/500. Mawingu kidogo, shuka ku 11. Mawingu mingi, ku 8. Kama kipimo chako kinasema mbali na hapo, usikiamini. Apareyi yenyewe inaweza kuendelea kutumika bila kipimo, kama iko na namba za kuweka kwa mukono.

Pazia yenye kulala

Kama kipimo ni kizuri na foto bado mbaya, fungula nyuma bila filimu. Weka sekonde moja, piga, sikiliza. Telefone inaweza kushika sauti ile. Ikichukua sekonde mbili, grasi ya ndani imekauka, na foto itapata mwangaza mingi. Usimwange mafuta ya cherehani: yanatelemuka mpaka ku diafragma na kugandisha. Hapo ni kazi ya fundi.

Ukuta wa chokaa

Hata kipimo kizima kinadanganyika, juu kinataka kila kitu kiwe kijivu. Bibi arusi wa robe nyeupe mbele ya ukuta nyeupe: kipimo kinafunga mwangaza, na sura yake inapotea. Karibia, pima ku sura, ao fungula diafragma hatua moja.

Mbele ya siku kubwa, tumia filimu moja ya majaribio. Kila fasi, piga mara tatu: namna kipimo kinasema, hatua moja zaidi, hatua moja kidogo, na uandike yote ku kartasi. Ukibaki na mashaka, ongeza mwangaza: negatifu inavumilia kuzidi kuliko kukosa.