Shibiri Moja

Chombo kinachotoka Lamu kwenda Mkokoni kina njia mbili. Ya kwanza ni kuizunguka Manda kwa nje, bahari kuu, ambako miezi ya kusi mawimbi hayana simile. Ya pili ni kupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko kulia na kushoto, maji yametulia kama ya mtungini. Hakuna abiria asiyependa ya pili. Lakini kwa miaka mingi Mkanda haukupitika ila maji yamejaa. Yakipwa, chombo kizito kilikaa topeni, na waliomo walikaa nacho hadi maji yarudi. Wenyewe husema wamepwelewa.

Mara ya mwisho nilipokwenda Mkokoni tulifika mdomoni mwa Mkanda saa tatu asubuhi. Ilikuwa siku ya bamvua, na siku za bamvua huku kwetu maji hupwa karibu saa nne na kujaa alasiri. Tulikuwa na unga, mifuko ya saruji, madumu ya mafuta, na akina mama wawili wenye watoto. Nahodha alizima mashine, akachukua upondo, akauchovya ubavuni, akautoa na kuutazama ulipolowa. Akaenda tezi, palipopangwa saruji, akauchovya tena. Kijana mmoja akamuuliza, "Mjomba, si jana tulipita maji yakiwa hivi hivi?"

"Jana hatukuwa na saruji," akajibu, akatupa nanga.

Kazi yangu ni usalama wa madaraja. Nimesoma taarifa nyingi za malori yaliyogonga madaraja ambayo hayakupaswa hata kuyakaribia, na sijakutana na maelezo bora kuliko hayo maneno manne.

Nahodha hupima vitu viwili. Hupima kina cha maji, na hupima chombo chake kimezama kiasi gani. Vyote viwili hubadilika: maji kwa mwezi na saa, chombo kwa shehena. Akitoa kimoja katika kingine hupata kilichobaki chini ya mkuku, na hicho ndicho kinachoamua kama atapita. Daraja lililo chini ni Mkanda uliopinduliwa. Badala ya tope chini ya mkuku kuna boriti ya zege au ya chuma juu ya kichwa, na kinachobaki kati ya mzigo na boriti ndicho kinachoamua. Tofauti ni kwamba dereva wa lori tumempa kipimo kimoja tu. Tumemwandikia kwenye kibao kimo cha daraja, tukadhani tumemaliza. Kimo cha lori lake siku hiyo, na mzigo wa siku hiyo, hakuna aliyempimia.

Chukua kontena, maana ndio mzigo unaotoka kwa wingi katika bandari zetu. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59. Kuna jingine la mita 2.90. Upana wao ni mmoja, urefu unaweza kuwa uleule wa futi 40, rangi inaweza kuwa ileile. Linalozidi limezidi kwa futi moja, yaani shibiri na theluthi. Tuseme kitanda cha tela kiko mita 1.5 kutoka ardhini. Ukipakia la kwanza, kilele kiko mita 4.09. Ukipakia la pili, kiko mita 4.40. Daraja lenye kibao cha mita 4.3 litampisha dereva Jumatatu na kumzuia Alhamisi, dereva yuleyule, lori lilelile, barabara ileile. Kontena refu huwekwa milia ya njano na nyeusi kwenye pembe za juu ili litambulike, lakini pembe za juu haziko machoni pa mtu aliyekaa nyuma ya usukani saa nane za usiku, anayesubiri lango lifunguliwe.

Na si kontena peke yake. Lori tupu huwa refu kuliko lililopakiwa, kwa sababu springi hazijakandamizwa. Wapo waliopita chini ya daraja wakiwa na mzigo, wakakwama wakirudi mikono mitupu. Barabara inapowekwa lami mpya juu ya ile ya zamani, daraja huwa limeshushwa kwa unene wa lami hiyo, na kibao kikiachwa bila kubadilishwa huwa kinasema uongo. Kuna pia suala la bonde, ambalo hata wahandisi hulisahau. Barabara nyingi zinazopita chini ya reli huteremka kidogo kisha hupanda. Gari dogo hushuka bondeni lote. Tela ndefu haishuki yote: magurudumu ya mbele yameshaanza kupanda upande wa pili na ya nyuma bado hayajamaliza mteremko, kwa hiyo katikati ya tela hubaki juu kuliko barabara iliyo chini yake. Ukilala na kipimo cha utepe pale chini ya daraja utapata kimo cha kutosha, na bado lori litagonga.

Tipa ni balaa la namna yake. Dereva anamwaga kokoto, anasahau kushusha bodi au bodi inapanda yenyewe kwa hitilafu ya haidroliki, naye anaondoka nayo imesimama kama tanga. Daraja la wapita kwa miguu ndilo huumia zaidi hapo, kwa kuwa ni jepesi.

Tujiulize kwa nini liumie, ilhali daraja hubeba watu na magari mchana kutwa. Daraja hujengwa kubeba uzito unaokwenda chini. Sakafu yake hukaa juu ya nguzo kwa kuegeshwa, na uzito wake wenyewe ndio unaoituliza. Pigo la lori haliji kutoka juu. Huja kwa ubavu, na mara nyingine huinua. Lori la tani 40 linalokwenda kilomita 50 kwa saa lina nguvu sawa na lori hilo likiangushwa kutoka kimo cha karibu mita 10, yaani kutoka darini mwa nyumba ya ghorofa tatu ya mji wa Lamu. Pigo hilo likitua kwenye boriti moja nyembamba, boriti itapinda, au sakafu itateleza juu ya kitako chake. Daraja la reli likisogea kwa upana wa vidole vichache, reli zilizo juu zimepinda, na treni inayofuata haina habari.

Uingereza, ambako reli ni nyingi na madaraja mengi yalijengwa zama za mikokoteni ya farasi, malori na mabasi hugonga madaraja ya reli zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka. Mara nyingi pigo husimamisha treni hadi mkaguzi afike. Network Rail, wasimamizi wa reli za huko, waliwahi kutangaza kwamba zaidi ya asilimia 40 ya madereva wa malori waliohojiwa walikiri hawapimi kimo cha gari kabla ya kutoka. Hao wana vibao kila kona, na sheria inayofuatiliwa.

Na pigo si lazima liwe kubwa ndipo lilete msiba. Tarehe 24 Desemba 2022, mkesha wa Krismasi, lori la gesi ya kupikia lilikwama chini ya daraja la reli Boksburg, mashariki ya Johannesburg. Lilikuwa na lita zipatazo 60,000. Tangi lilitoboka, gesi ikaanza kuvuja, na watu wakasogea kutazama. Hospitali ya Tambo Memorial iko hatua chache kutoka hapo. Gesi iliposhika moto, mlipuko uliua watu 41, wakiwemo wahudumu wa hospitali waliokuwa kazini. Sisi wa Afrika Mashariki tuna Sachang'wan ya 2009 na Morogoro ya 2019 vifuani mwetu, tunajua lori la mafuta lililoanguka huvuta watu. Lililokwama chini ya daraja ni hivyo hivyo, na pengine zaidi, kwa sababu halitishi, limesimama tu. Ukiliona, kimbia uende mbali, na uwapigie kelele wengine wakimbie.

Sasa, njia zenyewe huwa zimekatazwa. Kibao kipo: duara jekundu, lori katikati. Basi kwa nini wapite? Wengine hawajui, wamefuata ramani ya simu iliyotengenezwa kwa ajili ya gari dogo, isiyojua kwamba nyuma ya anayeiuliza kuna kontena. Wengine wanajua. Wanakwepa foleni, au mizani, au wanakata kona ili wafike kabla ghala halijafungwa. Hapa ndipo namtetea dereva. Nahodha alipongoja maji mdomoni mwa Mkanda, saa zilimpotea yeye, zilimpotea mwenye saruji, zilitupotea sisi abiria, na hakuna aliyemlaumu. Kila mtu chomboni aliona maji. Dereva wa lori anapozunguka njia ndefu, hasara ni yake peke yake. Mafuta aliyopewa ni ya njia fupi. Muda aliopewa ni wa njia fupi. Nimewahi kuonyeshwa hesabu za safari ambamo mzunguko wa kukwepa daraja ulikatwa kwenye posho ya dereva, ukiitwa matumizi mabaya ya mafuta. Mwenye lori anayefanya hivyo ameshamwambia dereva apite chini ya daraja, hata kama hakutamka.

Marekani kuna daraja maarufu la reli katika mji wa Durham, North Carolina. Kimo chake kilikuwa mita 3.56. Yalibandikwa maonyo, zikawekwa taa za kumetameta. Mwaka 2008 mtu mwenye ofisi jirani akatundika kamera, na dunia nzima ikaona malori yakichunwa paa kama kopo la samaki, zaidi ya mara 100. Mengi yalikuwa ya kukodi, yakiendeshwa na watu waliozoea gari dogo wanaohama nyumba. Barabara haikuweza kuchimbwa kwa kuwa bomba kubwa la majitaka limepita chini yake. Mwaka 2016 wakaweka kihisi: lori refu likikaribia, taa ya makutano yaliyo mbele ya daraja hugeuka nyekundu na ubao humwambia dereva akate kona. Mwaka 2019 reli yenyewe ikainuliwa kwa sentimita 20. Mapigo yalipungua. Hayakwisha.

Kilichonivutia Durham ni mahali pa ile taa. Iko kabla ya kona ya mwisho ambako dereva bado anaweza kugeuka. Kwetu vibao vingi hukaa kwenye daraja lenyewe, pale ambapo nyuma kuna matatu ishirini zinapiga honi na pembeni kuna mtaro. Dereva akisoma hapo amesoma nini? Ni sawa na kumpa nahodha upondo akiwa katikati ya Mkanda. Onyo liwe mdomoni. Na liwe la kugusa, si la kusoma tu: fremu ya mabomba mepesi au minyororo iliyoning'inizwa kwa kimo kilekile cha daraja, mita mia kadhaa kabla, ili paa la lori likwaruzwe kwa kelele bila mtu kuumia. Huko Sydney, kwenye njia inayopita chini ya bandari, hushusha pazia la maji katikati ya barabara na kuandika juu yake kwa mwanga neno la kusimama. Sisi hatuhitaji kufika huko. Mnyororo unatosha.

Tunazo hata kumbukumbu zetu za kupima kichwa. Katika vichochoro vya mji wa Lamu nyumba mbili huunganishwa juu kwa juu kwa wikio, chumba kinachovuka njia kama daraja. Chini ya wikio hupita punda mwenye mawe na mchukuzi mwenye boriti begani. Mwenye punda hufikiria wikio wakati wa kupakia, nyumbani kwa mwenye mzigo, kabla hajamtoa punda mlangoni.

Bandari ya Lamu ilipokea meli yake ya kwanza Mei 2021 pale bara, na barabara ya Garsen imewekwa lami. Tela ndefu ambazo wazee wetu waliziona Mombasa sasa zinafika karibu na Mokowe. Madaraja ya juu, mabomba, nyaya na vivuko vya miguu vitafuata, na kila kimoja kitakuwa na kimo chake. Kabla havijajengwa, ningependa kila lango la kupakia liwe na ufito mmoja uliopigwa alama, na mtu mwenye jukumu la kuusimamisha kando ya kila lori lililokwisha kupakiwa, kisha aandike kimo hicho kwa kalamu nene kwenye karatasi ya kubandikwa mbele ya macho ya dereva. Kisiwe kimo cha lori kilichoandikwa kiwandani. Kiwe cha lori na mzigo wa leo.

Upondo wa nahodha wetu ulikuwa na alama mbili zilizochongwa kwa kisu, moja ya chombo kitupu na nyingine, juu kidogo, ya chombo kilichojaa. Tuling'oa nanga saa nane na nusu. Maji yalikuwa yameipita ile ya juu kwa shibiri moja.