Fahamu: Je, raia wana hatia kwa makosa ya serikali yao?

Novemba 2023, mjini Songea, Tanzania, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha kwa mauaji yaliyofanywa na wakoloni wa Kijerumani katika Vita vya Maji Maji, 1905–1907. Yeye alizaliwa 1956. Anahusikaje?

Mwanafalsafa Karl Jaspers, Mjerumani aliyeoa Myahudi, alilikabili swali hilo mwaka 1946, baada ya utawala wa Hitler. Hatia ya jinai, alisema, ni ya mtendaji tu. Taifa zima halishtakiwi. Lakini wajibu wa kisiasa, ukiwemo wa kulipa fidia, ni wa raia wote. Aliyeona akanyamaza atahojiwa na dhamiri yake.

Nakubaliana naye. Steinmeier aliahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Chifu Songea Mbano, aliyeuawa na wakoloni hao 1906. Kazi hiyo ni ya Wajerumani wa leo, ingawa hawakumwua.