Tupime Joto la Rezini, Tusikisie



Mwezi uliopita nilikaa na vijana wa karakana moja hapa Asiatique, mjini Bujumbura. Wanatengeneza matangi na mitumbwi ya faiba, yaani vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa rezini. Kijana mmoja alikatwa mshahara kwa sababu kiraka alichotia kwenye mtumbwi kilibanduka ziwani. Mkubwa wa kazi alisema kijana ni mzembe. Kijana alisema mtumbwi ulichukuliwa kabla kiraka hakijaiva. Nani mkweli? Hakuna aliyeandika lolote, kwa hiyo aliyelipa ni mnyonge.

Tuielewe kazi yenyewe. Rezini haikauki kama nguo juani. Ukiitia kigumishi, kwa kawaida sehemu 1 mpaka 2 kwa kila 100 za uzito, hujipasha moto yenyewe na kushikana. Joto hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Asubuhi ya mvua huenda polepole; adhuhuri chini ya mabati huenda mbio. Ukiipaka nene mno kwa mara moja, joto hukosa pa kutokea, nayo hupasuka. Juu huweza kuwa pagumu na ndani bado. Kidole hakioni ndani, wala saa ya ukutani.

Wenzetu waunda ndege wanalijua hilo. Ndege ya Boeing 787, ambayo Ethiopian Airlines ilikuwa ya kwanza Afrika kuipokea mwaka 2012, karibu nusu ya uzito wake ni vitu vya jamii hii, ila nyuzi zake ni za kaboni. Vipande vyake vikiokwa tanurini, nyaya za kupima joto hutoa habari tangu mwanzo hata mwisho. Vipo pia vipimaji vinavyopitisha umeme mdogo ndani ya rezini: kadiri inavyoshikana, umeme hupita kwa taabu zaidi.

Sisi hatuhitaji tanuri. Tunahitaji waya wa kupima joto na daftari. Kila dakika 10 andika joto la kiraka na la karakana. Lisipopanda inavyotazamiwa, huenda kigumishi kilikuwa kidogo au baridi ilizidi. Likishapanda na kushuka, bado tusikimbilie majini, maana rezini huendelea kukomaa kwa siku kadhaa.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, daftari litiwe sahihi na fundi pamoja na mkubwa wa kazi, na nakala ibaki kwa fundi. Pili, kipimo kisigeuzwe kiboko cha kutukimbiza. Tatu, mwajiri atoe miwani na afungue madirisha, kwa kuwa mvuke wa rezini hudhuru, na kigumishi kikiingia jichoni huweza kupofusha.

Mshahara wa yule kijana haujarudi, maana hana karatasi ya kuonyesha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ya mfanyakazi ni vivyo hivyo.