Mtambo Huhesabu, Nani Hufasiri? Upimaji wa Uzazi Maabarani na Lugha ya Matokeo Yake

Utangulizi

Makala haya yanafafanua jinsi uwezo wa kuzaa unavyopimwa kwa mitambo, na kuonyesha kwamba mtambo hutoa nambari tu, ilhali maana ya nambari hiyo hukamilishwa na lugha. Tunaitazama miji ya Thika na Ruiru katika Kaunti ya Kiambu. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Ruiru ilikuwa na wakazi zaidi ya 490,000 na Thika zaidi ya 250,000. Maabara inayohudumia umma wa kiasi hicho haiwezi kutegemea macho ya mtaalamu mmoja daima.

Utendaji wa Mtambo

Katika upimaji wa mkono, mtaalamu huisubiri sampuli ya manii iyeyuke, kwa kawaida ndani ya dakika 30, kisha hutazama tone lake kwa hadubini na kuhesabu mbegu zisizopungua 200, mara mbili. Kazi hiyo huchosha, na wataalamu wawili huweza kutofautiana kuhusu sampuli moja. Katika upimaji wa mtambo, kamera hufungwa kwenye hadubini, nayo programu ya kompyuta hufuata njia ya kila mbegu na kuipima kasi. Hata hivyo, mtambo huweza kudhani takataka ni mbegu, hasa mbegu zikiwa chache. Hivyo basi, jicho la mtaalamu lingali linahitajika.

Lugha ya Matokeo

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataja mbegu milioni 16 kwa mililita kuwa mpaka wa chini. Mpaka huo ulitokana na wanaume ambao wenzi wao walishika mimba ndani ya miezi 12. Takriban 5 kati ya kila 100 walikuwa chini yake, na bado walipata watoto. Kwa hiyo, kuwa chini ya mpaka si hukumu ya ugumba. Aidha, idadi ya mbegu hubadilikabadilika, ndiyo maana kipimo hurudiwa.

Karatasi ya matokeo, ambayo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, haielezi hayo yote. Mwenye kuipokea huyafasiri kwa maneno aliyo nayo. Kiswahili hutenganisha mgumba, yaani asiyezaa, na hanithi, yaani mwanamume asiyeweza tendo la ndoa. Mazungumzoni maneno haya huchanganywa, na mwanamume akakiogopa kipimo kwa kuhofia jina la pili. Neno tasa nalo humwelekea zaidi mwanamke. Basi mke hubebeshwa lawama, ilhali chanzo chaweza kuwa kwake, kwa mumewe, au kwa wote wawili.

Hitimisho

Tunapendekeza matokeo yaelezwe kwa maneno yanayoisifu sampuli wala si mtu: "mbegu haba", "mbegu zenye mwendo mdogo", "hakuna mbegu zilizoonekana katika sampuli hii". Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, na kinafundisha taaluma za afya. Wanafunzi wa Kiswahili na wa maabara wangeweza kuketi pamoja na kuandaa istilahi hizo. Mtambo umekwisha kuhesabu. Kufasiri ni jukumu letu.