Chembe za Vitu na Hatari ya Petroli

Kila kitu tukionacho, kama jiwe na maji, na hata hewa tuivutayo, kimefanywa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo hazitulii kamwe.

Katika kitu kigumu, kama chuma, chembe zimeshikamana sana. Kila moja hutetemeka mahali pake, wala haiondoki. Ndiyo sababu jembe halibadili umbo lake. Katika kitu cha majimaji chembe zimekaribiana, lakini huteleza na kupitana. Kwa hiyo maji hufuata umbo la mtungi. Katika hewa na mvuke chembe zimeachana mbali, nazo huruka kila upande hata zijaze chumba kizima. Kwa sababu hiyo harufu ya samaki akaangwaye jikoni hufika barazani.

Joto huzidisha mwendo wa chembe. Kibaba kimoja cha maji kikichemka na kugeuka mvuke wote, mvuke huo hutaka nafasi ya vibaba kama 1,600. Basi chungu kinachochemka kisizibwe kabisa.

Lakini petroli haingoji kuchemka. Hata wakati wa baridi chembe zake huruka na kuwa mvuke. Mvuke huo hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka kwenye mafiga au taa iliyo mbali, ukawaka, na moto ukarudi mbio hata kwenye debe. Mafuta ya taa hayatoi mvuke mwingi namna hiyo. Lakini yakitiwa petroli, ijapokuwa kidogo, taa yaweza kuteketeza nyumba na waliomo.

Wengine hudhani kwamba debe tupu halina hatari. Sivyo. Debe lililokwisha kumiminwa petroli bado lina mvuke uliochanganyika na hewa, na huo ndio upasukao kwa kishindo ukipata moto. Fundi asilitie moto debe la namna hiyo.

Kwa hiyo yatupasa tusiweke petroli katika nyumba ya kulala, wala tusiimimine karibu na moto. Ikiwaka, tusimwage maji, maana petroli huelea juu ya maji na moto huenea. Tuufunike kwa mchanga. Twawaomba wazee na walimu wawaeleze haya wasiojua kusoma, kwa kuwa mvuke usioonekana haumwonyi mtu.